Sala ya maneno 12

Baba alifariki Juni 2020, nchi ikiwa imefungwa kwa ajili ya korona. Sisi ni Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda, wa kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya Mbale, na kwetu mtoto aliyefiwa na mzazi husema Kadishi, sala ya wafiwa, kwa miezi 11. Ila Kadishi haisemwi na mtu peke yake. Inataka minyani, yaani watu wazima 10, na sinagogi lilikuwa limefungwa tangu Machi kama nyumba zote za ibada. Sisi wa bodaboda tulikatazwa kubeba abiria. Pikipiki yangu ilikuwa ya mkopo.

Njaa niliizoea. Kilichonikosesha usingizi ni Kadishi. Baba alisali kwa siri miaka ile Idi Amin alipoipiga marufuku dini yetu. Leo amelala kaburini, na mwanawe hana watu wa kumwitikia amina.

Nikampigia simu rabi, kiongozi wetu wa dini. Hakunihubiria. Aliuliza, "Mwanangu, ukiamka asubuhi unasema nini?" Nikanyamaza, maana nilikuwa nimeacha kusali kabisa. Akaniambia nianze na Mode Ani tu, maneno 12 ya Kiebrania yanayosemwa mtu akiwa bado kitandani: nakushukuru, Mfalme uliye hai wa milele, kwa kunirudishia roho yangu kwa huruma, uaminifu wako ni mkuu. Ndani yake jina la Mungu halitajwi, ndiyo maana husemwa hata kabla ya kunawa mikono.

Nilikuwa nimeisema tangu utotoni bila kulisikia neno la mwisho. Emunatecha. Kwa Kiebrania emuna ni imani, ni uaminifu pia, na hapa ni uaminifu wake Yeye. Sala haikunidai imani yangu, ambayo asubuhi zile sikuwa nayo hata chembe. Niliweza kuisema hivyo hivyo, mtupu.

Jioni nikawa natoka uani kusoma Zaburi ya 121 nikiutazama mlima Wanale: "Nitayainua macho yangu niitazame milima." Siku ya nne au ya tano mama akaja kusimama kando yangu, hakusema kitu.

Mwisho wa Julai tukaruhusiwa tena kubeba abiria. Deni lilikuwa pale pale.

Septemba nyumba za ibada zikafunguliwa. Tulisimama mbalimbali, barakoa usoni, nami nikahesabu vichwa mara mbili. Kumi. "Yitgadal veyitkadash..." Ndani ya Kadishi kifo hakitajwi hata mara moja, ni sifa kwa Mungu na ombi la amani, lakini sauti ilinikwama. Wale tisa wakaningoja. Nikaendelea, wakaitika amina.