Chungu Kisicho na Chumvi

Ndugu wapendwa, wiki hii moyo wangu umekaa kwenye chungu kimoja tu: chungu cha watawa wa pango la Virupaksha, ubavuni mwa mlima Arunachala, kule Tiruvannamalai, kusini mwa India.

Kijana Venkataraman, ambaye baadaye aliitwa Bhagavan (yaani Bwana) Ramana Maharshi, alifika mji huo tarehe 1 Septemba 1896, akiwa na miaka 16. Aliondoka Madurai bila kuaga. Kaka yake alikuwa amemtuma achukue rupia tano za ada ya chuo. Akatwaa tatu za nauli, mbili akaziacha pamoja na barua fupi isiyo na jina. Akaingia hekalu la Shiva, mungu wa Wahindu, akanyamaza. Hakuja kuanzisha kitu. Nalisisitiza hili kwa sababu ukiitazama leo ashramu yake, yaani makao ya watawa na wafuasi wake, na watu wanaoijia kutoka pande zote za dunia, utadhani iko siku aliyoketi akaipanga. Siku hiyo haipo.

Tangu mwaka 1899 aliishi pangoni, na wachache waliovutwa naye wakakaa hapo. Walishuka mjini kuomba chakula. Walichopewa, kiwe kingi kiwe haba, kilichanganywa pamoja kikagawiwa sawasawa, na yeye akapata fungu lile lile. Siku nyingine ulikuwa uji mtupu, hata chumvi haumo. Baadaye alieleza kwa nini hawakwenda kuiomba hiyo chumvi: ulimi ukipewa chumvi leo, kesho utadai dengu, keshokutwa kingine, na kuomba hakutakoma. Basi wakaunywa hivyo hivyo. Nimelisoma jambo hilo mara nyingi na kila mara hunichoma, maana mimi chumvi ikipungua mezani hulalamika kabla sijashukuru.

Mwaka 1916 akaja mama yake, Alagammal. Mwishoni mwa mwaka 1898 alikuwa amekuja kumsihi mwanawe arudi nyumbani, akamlilia kwa siku kadhaa, naye hakupata jibu ila maneno machache kwenye karatasi. Safari hii mama ndiye aliyebaki. Wakahamia Skandashram, makao mengine mlimani juu ya pango, mama akawasha moto akawapikia. Nyumba yenye jiko la mama si pango tena, hata kama wanaolala humo ni watawa.

Mama alifariki tarehe 19 Mei 1922, akazikwa chini ya mlima, upande wa kusini. Bhagavan akawa anashuka kulizuru kaburi kisha anapanda kurudi. Ilipofika Desemba, siku moja alishuka asipande tena. Alisema hakuhama kwa matakwa yake. Kuna nguvu iliyomweka pale, naye akatii. Kibanda cha nyasi juu ya kaburi la mama, ndiyo ashramu yenyewe ilivyoanza.

Hapo ndipo wezi walipowavamia usiku wa tarehe 26 Juni 1924. Bhagavan aliwaambia wachukue watakacho. Wakampiga pajani. Akawaambia, kama hawajaridhika, wapige na la pili. Mfuasi mmoja alitaka kuwajibu kwa silaha, akamzuia: meno yakiuma ulimi, utayang'oa? Mali yenyewe waliyoikuta ilikuwa kidogo mno.

Lakini anayenirudisha kwenye kile chungu ni Echammal. Mwanamke huyu alifiwa na mume, kisha na watoto, akaja Tiruvannamalai akiwa amevunjika. Akapata utulivu mbele ya yule kijana mkimya. Tangu hapo alipika kila siku, akaupanda mlima na chakula kichwani, akawalisha Bhagavan na wote aliowakuta. Kutoa ni moyo, na wake ulikuwa umebakiwa na hicho tu cha kutoa. Ashramu iliposhuka bondeni, naye aliendelea kuleta, hadi alipofariki mwaka 1945.

Wafuasi wa zamani walihadithia kwamba, ashramu ilipokwisha kukua na kuwa na jiko kubwa na wasimamizi, aliambiwa siku moja kwamba chakula chake hakihitajiki tena. Kwa hesabu za jiko walikuwa sahihi. Mchana kengele ya chakula ikalia, watu wakaketi, majani ya migomba yakatandikwa. Bhagavan hakuja. Wakamwita, asijibu. Wakatazamana, mpaka mmoja akakumbuka Echammal amezuiwa. Wakamfuata, wakamwomba arudi, naye mwenyewe akaenda kumsihi Bhagavan aje ale.

Akainuka, akaingia, akaketi pamoja nao.