Hadithi ya simu inapoingia kwenye karatasi

Jumapili, usiku

Tumeachana Sinza magharibi inaingia, kila mtu na bahasha ya mwenzake kwapani. Sisi waandishi tunaojichapishia wenyewe tukikutana huanza na malalamiko, maana hayo hayahitaji maandalizi. Karatasi imepanda bei. Duka fulani limekaa na vitabu vya mali kauli tangu Ramadhani na halijatoa hata senti. Mtu kaikuta hadithi yake kwenye kundi asilolijua, jina la mtunzi limefutwa, la mwizi limewekwa. Leo malalamiko yaliisha mapema. Mezani palikuwa na miswada miwili, wenyewe walikuwa wamebadilishana wiki kadhaa zilizopita wasomeane, na kila mmoja alikuja na lake moyoni.

Wa kwanza ni dada wa vipande. Ndivyo tunavyomwita, na yeye mwenyewe hucheka. Anaandika kwenye simu: ndani ya daladala ya Mbagala, kwenye foleni ya zahanati, usiku watoto wakishalala. Sehemu kumi za mwanzo anazirusha bure kwenye kundi la WhatsApp. Ukitaka ya kumi na moja na kuendelea, unatuma elfu mbili. Wapo wanaotuma elfu mbili kavu bila ya kutolea, na hao huwa anawataja hadharani, mmoja mmoja. Akichelewa kurusha, kundi linawaka moto. "Dada arosto itatuua." "Admini, mwandishi yuko salama?" Mmoja aliwahi kumpigia simu saa sita usiku kumuuliza kama yule mume atafumaniwa au la, kwa sababu hawezi kulala.

Namwonea wivu, nisiseme uongo. Mimi nikitoa kitabu, msomaji anakinunua, anakwenda nacho, na habari zake nazisikia baada ya miezi kama ana adabu ya kunitafuta. Dada wa vipande anajua kabla ya kifungua kinywa nani kampenda mhusika gani. Wasomaji wake ndio waliomlea. Wamemfundisha kwamba sehemu isizidi kile mtu anachoweza kusoma kati ya kituo na kituo, kwamba mazungumzo yaende mbio, na kwamba kila sehemu iishie pabaya: mlango unagongwa, ujumbe unaingia kwenye simu ya mume, mtu anageuka na anayemwona si aliyemtarajia.

Sasa anataka kitabu cha karatasi. Amekusanya sehemu zake zote, amezipanga kwenye faili moja, kava tayari anayo, na ameshakwenda Kariakoo kuulizia bei. Muswada alimpa mzee wetu.

Mzee ni mstaafu wa reli ya TAZARA. Ameandika kumbukumbu zake za kazi kwenye kaunta buku, kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa shule ya zamani uliolala upande mmoja kama majani ya mpunga, na mjukuu wake ndiye anayempigia chapa. Hajawahi kuwa na msomaji hata mmoja kabla yetu. Hakuna aliyewahi kumwambia "tuma nyingine". Kwa hiyo anaandika bila haraka. Akitaka kukueleza habari za fundi mmoja, atakuanzishia kwa babu yake fundi.

Tulipotulia, dada akamwamkia tena, shikamoo ya pili, tukajua kuna neno. Mzee akaitikia marahaba, akavua miwani.

"Mwanangu," akasema, "umeandika vizuri. Lakini kila mlango nikifungua nakuta mtu kashika bastola. Nikafika mahali nikaanza kuogopa milango ya nyumbani kwangu."

Tukacheka, dada naye akacheka. Kisha akajibu mapigo: "Na wewe mzee wangu, treni yako mpaka ukurasa wa sitini haijatoka Dar es Salaam. Abiria tumekaa stesheni tumechoka, tunakula tu mihogo."

Nimekwenda kwenye mikutano mingi ya waandishi na sijasikia uhakiki uliokwenda moja kwa moja kwenye kidonda kama huo. Tena haukuwa na ubaya ndani yake.

Kujichapishia si jambo la juzi hapa kwetu. Waliosoma riwaya za upelelezi miaka ya 1980 wanamkumbuka Elvis Musiba na kampuni yake ya Continental Publishers, wanamkumbuka Ben Mtobwa na Heko Publishers yake. Vile vitabu vidogo vilizunguka mabwenini mpaka vikabaki bila kava, na mtu akawa anasimuliwa mwanzo na mwenzake aliyekuwa amewahi kuuona. Wale hawakungoja kuitwa. Baadaye magazeti ya wiki yakaleta hadithi za kuendelea, na simu ikazirithi kwa magazeti. Tofauti ni kwamba gazeti lilimpa mwandishi siku saba za kufikiri. Kundi la WhatsApp linampa masaa, na kila saa ina mtu anayeuliza.

Ndiyo maana naamini hadithi ya simu haihamii kwenye karatasi kwa kunakili na kubandika. Msomaji anayelipia kipande amekufundisha kupumua kwa vipande. Ukiwa kwenye simu, kile kishindo cha mwisho wa sehemu kina kazi: kinamshikilia mtu mpaka kesho jioni. Kwenye kitabu hakuna kesho jioni. Kuna kufunua ukurasa tu. Kishindo kinajibiwa hapo hapo, kinafuata kingine, baada ya kurasa ishirini msomaji hashtuki tena, na baada ya hamsini anaanza kukuona mtunzi umejificha nyuma ya pazia unapiga debe.

Tukachukua mahali pamoja kwenye muswada wa dada tupafanyie kazi pale pale. Sehemu ya 22 inaishia hivi: mke anarudi safari bila taarifa, anafungua mlango wa chumba chake, "hakuamini macho yake!" Sehemu ya 23 inaanza na "Ilipoishia", inarudia mistari minne, kisha tunaambiwa kwamba aliyekuwa chumbani ni shangazi wa mume, kakaa kitandani, anakunja nguo. Mambo yanakwenda mbio: shangazi anatoa siri, mke anazimia, sehemu inaisha.

Tukafuta "hakuamini macho yake". Tukafuta "Ilipoishia" na mistari minne inayoifuata. Kikabaki hiki: mwanamke anafungua mlango, shangazi kakaa kitandani anakunja nguo. Dada akakisoma kwa sauti, kisha akanyamaza akikitazama.

"Nguo za nani?" nikamuuliza.

"Sijui. Kwenye simu hakuna aliyeuliza."

"Za mke," mzee akadakia. "Anamfungashia."

Basi. Kumbe shangazi alikuwa hapo siku zote, anasubiri kupewa nafasi. Anakunja nguo za mke wa mtu kwa utaratibu, kanga juu ya kanga, na hana habari ya kuzimia kwa mtu. Dada akachukua kalamu na kuanza kuandika pembeni, na tulivyomfahamu hakuna aliyemsemesha kwa muda. Nadhani ukurasa huo mmoja utakuwa na uzito kuliko sehemu tano za kwanza, na wala hauna bastola.

Kwa mzee kazi ilikuwa kinyume. Kumbukumbu zake zina mali nyingi mno. Reli ya TAZARA ni kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Ujenzi wake ulianza 1970, na yeye anaikumbuka kana kwamba alizika kila taruma kwa mkono wake. Anajua wapi Wachina walikolala, wapi simba walipita, stesheni ipi ilikuwa na maji ya chumvi. Lakini ameanza na ukoo wake, akafuatisha shule, barua ya maombi ya kazi, majina ya waliohojiwa pamoja naye, waliopata na waliokosa.

"Anzia Mlimba," dada akamwambia. "Ule usiku."

Usiku wenyewe uko ukurasa wa 140 na kitu. Mvua ya masika, treni ya abiria imesimama baada ya Mlimba kwa sababu mbele udongo umeporomoka. Huko ndiko kwenye milima, mahandaki na madaraja mpaka Makambako. Yeye ni kijana wa kazi, anapita na taa behewa hadi behewa kuwatuliza watu. Kwenye behewa la daraja la tatu abiria wameshawasha jiko la mkaa sakafuni, mama mmoja anapika uji wa mtoto, na yeye anajua kanuni inamtaka alizime. Anasimama na taa yake. Anasogeza mizigo iliyo karibu na moto, kisha anapita.

Mzee alibisha. Alisema mtu hawezi kusimuliwa usiku wa Mlimba kabla hajajua kijana yule ni mtoto wa nani. Dada akamwuliza, je, abiria wale walijua? Mzee akakuna kidevu, akasema atafikiri, na kwa mzee wetu neno hilo ni karibu na ndiyo.

Jambo lingine lililompa shida ni forma. Wasiochapa vitabu hawajui kwamba mchapaji hahesabu ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa ikikunjwa inatoa kurasa 16, kwa hiyo kitabu kinakwenda kwa kumi na sita. Cha mzee kilitoka kurasa 210. Forma kumi na tatu ni 208. Kwa kurasa mbili zilizozidi, mchapaji alimwambia alipie forma ya kumi na nne nzima au apunguze. Mzee alikuwa tayari kupunguza herufi ziwe ndogo, wazee wenzake wasome kwa darubini, kuliko kuondoa shukrani zake, ambazo zimechukua kurasa tatu na zinataja viongozi wa ngazi zote mpaka balozi wa nyumba kumi. Kama ataanzia Mlimba, hesabu yote itabadilika, na nilimwona akiipiga upya kwa vidole chini ya meza.

Mama wa vitabu vya watoto alifika kwa kuchelewa, na habari zake zinaumiza, kwa hiyo nazipita haraka. Picha za rangi zimekula mtaji kabla ya chapa. Anakumbuka enzi za Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, mchapishaji alipokuwa na uhakika wa mnunuzi wa nakala nyingi kabla mashine haijawashwa. Siku hizi anayetaka kuingia shuleni ahangaikie ithibati, na asiyeingia shuleni amtafute mzazi mmoja mmoja. ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, ameshachukua Maktaba Kuu pale Bibi Titi. Alituonyesha tu mchoro wa mbuzi aliyevaa raba, tukaupenda wote.

Mtu akauliza kama dada apeleke muswada wake kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere, hii iliyoanza kutolewa 2023. Mimi nilisema apeleke, ila avishone vipande vyake kwanza. Hapo ndipo nina ugomvi wangu na sisi wenyewe. Tunajisifu kwamba hatuna mchapishaji wa kutukalia kichwani, na ni kweli, wengi tulikataliwa au tulikaa miaka bila jibu. Lakini kule kwa mchapishaji kulikuwa na mtu aliyelipwa kukuuliza nguo ni za nani. Sasa hela yote tunaimwaga kwenye kava na chapa, na mhariri tunamtafuta kwa chenji iliyobaki, tena tunamwambia "pitia tu makosa ya herufi". Mhariri mzuri wa riwaya ya Kiswahili yupo, ana njaa, na tunamlipa kidogo kuliko anayetutengenezea bango la Instagram. Wenzangu hawakukubaliana nami wote. Kaka mmoja mshairi alisema mhariri humla mtu sauti yake. Nikamwambia inategemea sauti yenyewe ilikuwa inasema nini, na hapo chai ikamwagika, tukaahirisha.

Bahasha niliyorudi nayo ni ya mzee, kurasa sitini za stesheni. Ameniomba nimwonyeshe zipi zinaweza kuingia baadaye, vipande vipande, treni ikiwa mwendoni. Nimezianza leo hii. Babu yake fundi lazima abaki. Huyo ana kisa na nyati nisichoweza kukiacha.

Ya kwangu kaichukua dada wa vipande, sura tisa za wapangaji wa nyumba moja Manzese. Alikwishazisoma tatu kabla hajafika kwake, maana dakika chache zilizopita amenitumia ujumbe wa sauti. Anasema naandika kama mtu asiyedaiwa: sura ya pili yote watu wanagombania luku na hakuna anayetaka kujua umeme umeliwa na nani. Anataka mwizi wa luku ajulikane, au angalau ashukiwe, kabla ya ukurasa wa ishirini. Nimemjibu kwamba kwenye nyumba ya wapangaji mwizi wa luku hajulikani kamwe, na ugomvi wenyewe ndio hadithi. Amerudisha sauti nyingine ndefu kuliko ya kwanza. Nimeisikiliza hadi katikati, na nimeshaanza kumtafuta mpangaji wa kumshuku.