Siku moja ya kusaka lokesheni za picha za watu

Saa 11:45 alfajiri mkoba uko tayari: kamera moja, lenzi ya milimita 35 na ya milimita 85, kitambaa cheupe, daftari, maji, betri ya akiba ya simu. Flashi na stendi za taa zinabaki nyumbani, maana leo hapigwi picha mteja yeyote. Wengi wakisikia "natafuta lokesheni" hudhani ni kuzurura mjini ukitazama maua. Ukweli ni kwamba lokesheni ni mahali pamoja na saa yake. Ukuta unaompendeza mtu saa 1 asubuhi unaweza kumharibu saa 5, ndiyo maana kila sehemu ninayoiandika ina saa ya kuanza na saa ya kwisha.

Saa 12:30, bustani ya umma. Kuna njia ya miguu yenye miti pande zote mbili, na kabla ya kusifia miti napima urefu wa njia. Kwa lenzi ya 85 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24), ikishikwa wima, ili mtu mzima aingie kuanzia kichwa hadi viatu nahitaji kusimama karibu mita 5 kutoka alipo. Nyuma yake nataka mita 8 nyingine ili mandhari ififie vizuri. Jumla ni mita 13 zilizonyooka, bila pipa la taka, benchi wala nguzo ya umeme inayoota kichwani mwa mtu. Sehemu nyingi zinazovutia kwa macho hufia kwenye kipimo hiki. Unakuta maua mazuri, lakini huna pa kusimama.

Kisha naupima mwanga kwa ngumi. Nainyosha mbele usawa wa uso wa mtu, vifundo vikinitazama, nazunguka polepole mahali pamoja. Vifundo ni pua na paji, mabonde katikati yake ni macho. Kuna upande ambao mabonde yanajaa mwanga laini, na upande ambao yanakuwa meusi. Chini ya mti wenye majani haba mwanga unadondoka madoadoa, na doa moja tu likitua shavuni huku jicho likiwa gizani, picha imeharibika. Nasogea kwenye mti wenye majani mazito. Hapo tatizo ni nyasi: zikipigwa na jua karibu na miguu ya mtu, zinarusha ukijani chini ya kidevu, na kuutoa baadaye kwenye kompyuta ni kazi ndefu. Natandika kitambaa cheupe juu ya nyasi, natazama tena ngumi, naandika: "kitambaa lazima, 12:40 hadi 1:30."

Saa 2 hadi saa 4 ni kuta, vichochoro na milango. Kila sehemu napiga pande nne kwa lenzi ya 35, nasoma dira ili nijue jua litatokea upande gani, basi.

Saa 4:20 nafika kwenye jengo la ofisi lenye ngazi pana za zege lililopauka, linalotazamana na jengo la vioo ng'ambo ya barabara. Mahali kama hapa ni adimu. Ngazi ziko kivulini, lakini vioo vinalirudisha jua juu yake, na atakayekaa ngazi ya tatu atapata mwanga wa ubavuni wenye makali kiasi, huku kivuli kikiulainisha upande wa pili wa uso. Shida ni kwamba mabaka hayo ya mwanga husogea na jua. Lazima usimame uyatazame: yameanzia wapi, yanapita ngazi ipi, yanatoweka saa ngapi.

Kusimama huko ndiko kunakomleta mlinzi. "Kijana, hapa hakupigwi picha." Kamera bado iko mkobani. Namjibu, "Mzee, sijapiga, naomba tu kujua ruhusa inatolewa na nani." Ananipeleka mapokezi. Mapokezi wanasema ni meneja. Meneja yuko kikaoni. Nakaa. Saa 5 inapita nikiwa kwenye kiti, na mwanga niliokuja kuupima unatembea ngazi moja baada ya nyingine bila mimi kuuona. Msaidizi anatoka, anauliza kama ni picha za biashara. Nasema ni za mteja binafsi. Basi ni biashara, niandike barua. Barua ninayo: idadi ya watu, vifaa, tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, ngazi zipi tutatumia, na ahadi kwamba nyuso za wafanyakazi na jina la jengo havitaonekana. Anaisoma hadi mwisho, anauliza mhuri uko wapi, halafu ananiambia nirudi kesho.

Upande wao naujua. Stendi ikiziba ngazi na mtu akajikwaa, lawama ni zao, na eneo lililo wazi kwa watu wote bado linaweza kuwa na mwenyewe. Kinachonichosha ni kazi ya ustadi kuchukuliwa kama uzururaji. Hata hivyo sitafuata ushauri wa kuvizia, kupiga haraka na kuondoka. Mteja amejipamba, amekuja na familia yake, halafu afukuzwe mbele za watu? Uso wenye wasiwasi hauokolewi na mwanga wowote. Sehemu isiyo na kibali haiingii kwenye orodha yangu, hata ingekuwa nzuri namna gani.

Saa 6 na jua liko utosini. Aliyesimama nje macho yake yanakuwa mashimo na pua inatupa kivuli mdomoni, kwa hiyo sasa nakagua varanda, njia zenye paa na chini ya madaraja. Paa linakata mwanga wa juu na kuacha wa ubavuni. Mtu asimame hatua moja ndani ya ukingo wa kivuli akitazama nje. Akirudi ndani hatua nne, macho yanapoteza mng'ao. Kipimo changu ni rahisi: kwenye jua kali ni f/16 (tundu dogo la lenzi), ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), kasi ya 1/100 ya sekunde. Kivuli kilicho wazi kwa anga huwa chini yake kwa stopu 3 hivi, kila stopu ikiwa ni kupungua kwa nusu ya mwanga, kwa hiyo nafungua tundu la lenzi hadi f/2 kwa 1/800. Kikishuka zaidi, barabara yenye jua ikiwa nyuma itaungua iwe nyeupe tupu, hivyo nachagua mandhari ya nyuma iliyo kivulini pia. Ukuta mwekundu unaopigwa na jua mbele ya mtu naukataa, maana unampaka wekundu usoni. Zege lililopauka nalipenda, ni rifleta ya bure, yaani kirudisha mwanga usoni.

Mchana unaendelea, miguu imevimba, na bado kuna upande wa mashariki wa majengo marefu, ambao alasiri huangukiwa na kivuli cha majengo yenyewe. Hapo ndipo pa kazi kwa saa nyingi kuliko penginepo, na watu hupapita bila kupatazama.

Jioni programu ya simu inataja saa ya machweo, lakini haijui ghorofa iliyosimama mbele ya jua. Nanyosha mkono, naweka ngumi kati ya jua na paa la ghorofa. Ngumi ni nyuzi 10 hivi, jua hutembea nyuzi 15 kwa saa. Linapotua wima, ngumi moja ni dakika 40. Linapotua kwa mshazari, ni zaidi. Kwa hiyo mwanga wa dhahabu wa sehemu hii utakwisha mapema kuliko simu inavyosema, na mteja lazima aambiwe.

Giza likiingia nabaki kwa ajili ya taa za madirisha ya maduka. Taa nyingi za LED hupepesa haraka kufuata mapigo ya umeme, hata kama jicho halioni, na kwa kasi ya 1/500 picha inaweza kutoka na mistari. Umeme ukiwa wa hezi 50 natumia 1/50 au 1/100, ukiwa wa hezi 60 natumia 1/60 au 1/125.

Nyumbani, kabla ya kuvua viatu, namwandikia mteja: tukutane upande wa mashariki wa yale majengo marefu saa 9:30 alasiri, nguo isiwe ya kijani, viatu vya kutembelea viwe mkobani, choo kiko mita 200, na mvua ikinyesha tunahamia chini ya daraja, saa ileile.