Gari la Baba: nyonga kwanza, injini baadaye

Nilipoanza kumsaidia Baba kutafuta gari lililotumika, kila aliyesikia alinipa ushauri wa injini. Hakuna aliyeuliza habari za nyonga yake. Baba ana miaka 71, nyonga ya kulia inamsumbua, na ndiye anayewafuata wajukuu shuleni. Kwa hiyo kabla ya kufungua boneti yoyote nilimwomba aingie garini, akae, ashuke, kisha arudie.

Hapo ndipo gari alilolipenda kuliko yote lilipokataa. Lilikuwa la viti saba, limenyanyuka, rangi inang'aa. Baba alishika usukani akajivuta juu, nikaona amekaza midomo. Kushuka ilibidi ageuke ubavu, atafute ardhi kwa ncha ya kiatu. Magari ya chini nayo yalimtesa, maana kutoka ilikuwa kazi ya mikono mitupu. Yaliyomfaa ni yale ambayo siti iko karibu usawa wa nyonga yake akiwa amesimama: anageuka, anakaa, basi.

"Mwanangu, sijafika umri wa kupimiwa siti," aliniambia.

"Baba, utalipanda kila siku. Acha tulipime kwako."

Hakujibu, lakini magari yaliyofuata alikuwa anaingia na kushuka bila kuambiwa.

Baada ya hapo ndipo nilipoangalia mengine. Wauzaji niliwaomba wasiwashe gari kabla hatujafika, kwa sababu injini yenye moto tayari huficha mengi. Ikiwaka baridi, unasikia milio yake yote na kuona moshi wa kwanza. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto, mara nyingi ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Gari la hivyo liacheni, hata likipunguzwa bei.

Kilomita za kwenye dashibodi sikuziamini peke yake. Gari moja lilisoma 58,000, lakini mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika hadi chuma kinaonekana. Jingine lilikuwa safi kila mahali mpaka nilipovuta mkanda wa usalama hadi mwisho wake. Ile sehemu inayojificha ndani ya nguzo ilikuwa na mstari wa tope la kahawia, na chini ya siti skrubu zilikuwa na kutu. Gari hilo liliwahi kuingiwa na maji. Muuzaji alisema hajui, na sikubishana naye.

Kwa ajili ya wajukuu nilikuwa mkali zaidi. Ukifungua swichi, taa ya mifuko ya hewa (airbag), ile inayofumuka gari likigonga, lazima iwake, kisha izime yenyewe baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameikata ili kuficha hitilafu. Namba ya chesi niliitafuta pia kwenye tovuti ya mtengenezaji, kwa kuwa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ambayo ikilipuka huweza kurusha vipande vya chuma, ilisababisha makumi ya mamilioni ya magari ya kampuni nyingi kuitwa yakarekebishwe. Siti ya nyuma nilipapasa vyuma vya ISOFIX, vya kufungia kiti cha mtoto. Tairi nilisoma tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni mwake: 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, kwa hiyo umri wake ni huo hata kama kashata, yaani meno yake, bado nene.

Baba alichagua gari lenye umri mkubwa kidogo kuliko tulivyopanga, ila lina daftari la matengenezo na milango inayofunguka kwa upana. Daftari halikutaja kubadilishwa kwa mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu za injini, kwa hiyo kabla hajalitembeza tulimwambia fundi aubadilishe, pamoja na pampu ya maji, kwa kuwa kwenye injini ile kuifikia pampu ni lazima ufungue palepale unapofungua kwa ajili ya mkanda.