Kamera ya siri dukani: kabla hujaniuliza ipi ni ndogo kuliko zote

Simu hizi huja usiku, duka likishafungwa. "Fundi, nasikia kuna kamera za kalamu?" Zipo. "Na za kwenye chaja ya simu?" Nazo zipo, zunguka Kariakoo nusu saa tu utaoneshwa za kila aina, mpaka za kwenye kifungo cha shati. Kisha linakuja swali lenyewe: ipi ni ndogo kuliko zote?

Kazi yangu ni kufunga kamera za ulinzi hapa Dar es Salaam. Swali la udogo nalijibu kwa swali: unaibiwa nini, na kinatokea wapi? Wengi hapo hukwama. Wanajua hela haitoshi, basi. Wana jina la mtu wanayemshuku, na wanachotaka ni kamera ya kumfuata huyo mtu. Kazi ya namna hiyo siipendi. Kamera inayofuata mtu itakuletea vipande vingi vya huyo mtu akila chapati na akichezea simu, na wewe kwa hasira zako utaona wizi katika kila kipande.

Chukua mfano wa mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Tegeta. Alinipigia akitaka kamera tatu za siri: moja stoo, moja mlango wa nyuma, moja kaunta. Nikamwambia, "Shikamoo mama, kamera hizo nitakuuzia, ila kwanza hesabu mzigo." Hakufurahi. Lakini alihesabu, yeye na binti yake, Jumapili duka likiwa limefungwa: nyaya za umeme kwa roli na kwa mita, makopo ya rangi, koki, kufuli, bawaba. Akaanza na stoki ya mwanzo wa mwezi, akajumlisha mzigo ulioingia, akatoa kilichouzwa kwenye daftari na kwenye risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Stoo ilikuwa sawa kabisa. Kilichotoka stoo kilifika dukani. Upungufu ulianzia rafu za mbele: nyaya za kukata kwa mita zilikuwa zinaisha bila kuandikwa mahali popote. Kamera tatu zikawa moja, na mahali pakajulikana, ni kaunta.

Hapo sasa ndipo kazi ilipo. Wizi wa stoo una sura: mtu anatoka na boksi ambalo hakupaswa kutoka nalo. Wizi wa kaunta hauna sura. Mteja anaingia, anaomba mita ishirini za waya, kijana anapima, anakata, anapokea hela, anatoa chenji, mteja anaondoka. Itazame video hiyo mara kumi, utaona muuzaji mzuri mwenye lugha ya heshima. Kilichoibiwa hakipo kwenye picha. Kipo kwenye daftari, kwa sababu hakikuandikwa. Kwa hiyo kamera ya kaunta peke yake haithibitishi kitu mpaka uiweke sambamba na risiti: saa nne na dakika kumi na mbili waya umeuzwa, je, saa nne na dakika kumi na mbili kuna risiti?

Kwa maana hiyo vitu viwili vinashinda udogo kwa mbali sana. Cha kwanza ni saa ya kamera. Kamera nyingi za bei nafuu zinatoka China na saa ya huko, iliyo mbele ya yetu kwa saa tano, hivyo mauzo ya saa nne asubuhi yanaandikwa saa tisa alasiri. Nyingine ukizikatia umeme zinarudi tarehe mosi Januari ya mwaka fulani wa zamani. Mwanasheria wa mtuhumiwa akiona hivyo hana haja ya kusoma zaidi. Kabla ya kununua, washa, weka saa, zima kwa usiku mzima, washa tena. Ikisahau, irudishe dukani. Na siku ya kufunga mimi huwa nashika simu yangu mbele ya lenzi, saa ya mtandao ikionekana kwenye kioo. Kipande hicho cha sekunde chache kinabaki kwenye rekodi, na hata kama kamera iko nyuma dakika mbili, tofauti inajulikana.

Cha pili ni pembe. Watu hutaka kuona sura, ilhali sura za wafanyakazi wako unazijua. Unachohitaji ni mikono, droo, mashine ya EFD na simu. Kiwango cha Ulaya cha kamera za ulinzi cha mwaka 2015 kinasema ili umtambue mtu usiyemjua unahitaji pikseli (nukta za picha) 250 kwa kila mita ya upana wa picha, na kwa mtu unayemfahamu 125 zinatosha. Kamera ya 1080p ina pikseli 1920 kwa upana. Ukiielekeza ionyeshe duka lote, tuseme mita kumi na tano, unapata 128 kwa mita: utamjua kijana wako, lakini kilicho mkononi mwake ni ukungu. Ukiishusha ikaangalia mita mbili za kaunta tu, unapata 960. Hapo noti ya elfu kumi na ya elfu tano utazitofautisha kwa rangi, na utaona droo imefunguliwa au la. Usidanganywe na boksi lililoandikwa 4K pia, yaani picha yenye pikseli nyingi zaidi ya 1080p. Nyingi ya hizi ndogo zina kihisi (kile kinachonasa picha) cha kawaida kabisa, picha inakuzwa na programu tu. Omba uoneshwe video iliyorekodiwa na kamera hiyohiyo, ndani ya chumba, bila taa ya ziada.

Sasa tuje kwenye maumbo, maana najua ndiyo mliyokuja kusoma.

Kalamu: achana nayo. Betri yake ni ya saa moja au mbili, na picha inayumba kwa kila pumzi ya aliyeivaa. Chaja ya ukutani yenye kamera inafanya kazi vizuri kwenye meza ya bosi, lakini kaunta ya duka la Kibongo? Soketi ni mali ya umma. Atakuja kijana ataichomoa achaji simu yake. Na kwa vile inachaji kweli, jioni mmoja ataondoka nayo, hapo kamera ya kutafuta mwizi imeibiwa. Saa ya ukutani si mbaya, mradi saa hiyo iwe ilikuwepo au ifanane na iliyokuwepo, na betri za mishale ubadilishe wewe mwenyewe. Kitambua moshi ni kizuri kwenye ofisi za ghorofani ambako dari zima lina vitambua moshi. Kwenye duka ambalo halijawahi kuwa hata na mtungi wa kuzimia moto, kitambua moshi kipya juu ya kaunta ni tangazo. Kuificha ndani ya boksi la bidhaa kwenye rafu kuna hatari moja ambayo haihitaji maelezo: litauzwa.

Ninayoipenda mimi ni lenzi ya tundu la sindano inayofungwa juu ya dari la jipsamu, waya unapita juu ya dari hadi kwenye kabati linalofungwa kwa ufunguo, humo ndani kuna DVR (mashine ya kurekodi) na UPS ndogo (betri ya akiba). Si ya kwenye sinema. Ila haiishiwi chaji, haihamishwi na dada wa usafi, na umeme ukikatika inaendelea.

Za waifai zina balaa lake. Nyingi zikiwashwa zinarusha mtandao wao wenyewe wenye jina la herufi na namba zisizoeleweka. Kijana wako akifungua simu kutafuta waifai ya bure, anakuta mtandao mpya wenye nguvu kamili pale kaunta. Hawa watoto si wajinga. Halafu kuna suala la video yenyewe inakoenda: programu nyingi za kamera hizi zinapitisha picha kwenye seva za nje ya nchi, na neno la siri la kiwandani ni 123456 au admin. Ukiacha hivyo, unaweza kuwa unawaonesha watu usiowajua droo yako ya hela. Badilisha neno la siri, au chagua isiyohitaji mtandao kabisa.

Kwa wenye maghala yanayolala na mizigo, neno moja kuhusu usiku. Taa za infraredi, zile za kamera kuonea gizani, za nanomita 850 zinaangaza mbali zaidi, lakini ukitazama lenzi gizani unaona kidoa chekundu. Za 940 hazionekani kwa macho, ila mwanga wake haufiki mbali. Kwa kamera ya siri ni 940. Na usiiweke nyuma ya kioo, mwanga utarudi kwenye lenzi na asubuhi utakuta rekodi nyeupe tupu.

Kama ni ya memori kadi, piga hesabu. Video ya 1080p kwa megabiti nne kwa sekunde inakula takriban gigabaiti 1.8 kwa saa. Duka linalofunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku linakula gigabaiti ishirini na kitu kwa siku, kwa hiyo kadi ya 128 inajaa kabla ya siku ya sita kuisha na kuanza kufuta ya zamani. Bosi akienda msibani Moshi wiki nzima, ushahidi wa Jumatatu umeshafutika. Na kadi feki zimejaa: imeandikwa 128, ndani ni 16. Ijaze mpaka mwisho kisha cheza faili la mwisho.

Sheria nayo tusiiruke, ingawa mafundi wenzangu wengi wanairuka. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu, na tangu tarehe 1 Mei 2023 ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika. Msingi wake ni kwamba mtu aelezwe taarifa zake zinakusanywa na kwa lengo gani, na anayekusanya ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Picha ya mtu ni taarifa yake. Ndiyo maana nawashauri wateja waweke kifungu cha kamera kwenye mkataba wa ajira na tangazo ukutani kwamba eneo hili lina kamera, na kabla ya kufunga ya siri waongee na mwanasheria na kuandika sababu: upungufu kiasi gani, wa bidhaa gani, kamera itakaa wapi na hadi lini. Chooni, chumba cha kubadilishia nguo, chumba anacholala dada wa kazi: sifungi, hata ukilipa mara tatu. Na sauti naizima. Unachunguza droo, hauchunguzi maongezi ya watu kuhusu ndoa zao.

Kuna kesi ya Hispania ambayo huwa napenda kuwasimulia wateja. Supamaketi moja karibu na Barcelona, mwaka 2009, meneja aliona hesabu ya mauzo na stoki haikutani, na pengo linakua kadiri miezi inavyokwenda. Akafunga kamera za wazi milangoni, wafanyakazi wakaambiwa, na za siri kwenye kaunta za malipo, hawakuambiwa. Waliofukuzwa kazi walifika hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na tarehe 17 Oktoba 2019 majaji 14 dhidi ya 3 waliamua kwamba haki yao ya faragha haikuvunjwa. Majaji waliangalia shaka yenye msingi, hasara kubwa, kamera kuelekezwa kaunta tu, siku kama kumi hivi, na watu wachache kuiona video. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini kama mwongozo wa kazi sijaona mzuri zaidi.

Yule mama wa Tegeta tulimfungia lenzi moja darini. Tuliyemtafuta kwenye droo hakugusa droo. Kibao cha lipa namba (namba ya kulipia kwa simu) kilichokuwa kaunta kilikuwa na pande mbili: mbele namba ya duka, nyuma stika nyingine. Mteja wa mita nyingi akifika, kibao kinageuzwa kwa kidole kimoja, mteja analipa, anaonesha meseji, kibao kinarudishwa. Kutoka juu ilionekana vizuri, ingawa tarakimu zenyewe hazikusomeka. Binti yake akakaa na orodha ya miamala ya namba ya duka, kila kibao kilipogeuzwa hakuna hela iliyoingia na hakuna risiti.

Alitaka kuirusha kwenye grupu la familia na la wafanyabiashara wa mtaa. Nilimkatalia kabisa. Faili halisi lilinakiliwa bila kukatwa wala kuhaririwa, hadidisiki ikatiwa kwenye bahasha, ikasainiwa na watu wawili, kwa sababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka ijulikane rekodi ilitengenezwaje, ilitunzwaje na kama haijachezewa. Kijana alipewa barua ya tuhuma, na saa zisizopungua 48 za kujiandaa kama kanuni za kazi zinavyotaka, akaja na mwenzake, akaoneshwa video na orodha. Ukiruka hatua hizo, ana siku 30 za kukupeleka CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, na huko video nzuri haitakuokoa na utaratibu mbovu.

Lenzi ya darini niliitoa wiki hiyohiyo, sababu yake ilikwisha. Pale kaunta sasa kuna kamera ya kawaida inayoonekana, na kibao cha lipa namba kimepigwa skrubu nne mezani.