Konda wa Addis alivyonipeleka kwa Tata Lázaro

Saa nane usiku hii na usingizi hauji, kosa langu mwenyewe, nimekunywa kahawa saa mbili kama mtu asiyejijua. Basi acha niandike.

Mwaka juzi nililala Addis Ababa usiku mmoja nikisubiri ndege ya kuunganisha, asubuhi nikatoka kuzungukazunguka, nikasikia makonda wa vile vibasi vya bluu na nyeupe wanaita "Mexico! Mexico! Mexico!" nikacheka peke yangu, nikasema hii nauli yake itakuwa balaa. Kumbe Mexico ni kiplefti tu, uwanja mkubwa mjini pale, kila gari linapita. Kijana wa mapokezi hotelini nikamuuliza kwanini mmeupa jina hilo, akasema Mussolini wa Italia alivyotuvamia 1935 dunia karibu yote ilituangalia tu, Mexico ikakataa. Akarudi kwenye simu yake. Mi nikabaki na hiyo kitu kichwani, na wiki hii ndo nimeifukua vizuri.

Rais wa Mexico wakati ule alikuwa Lázaro Cárdenas, jenerali wa Mapinduzi ya Mexico, ile vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyoanza 1910. Kazaliwa 1895 Jiquilpan, mji mdogo jimbo la Michoacán, baba yake akafariki yeye akiwa na miaka 16 hivi, ikabidi amsaidie mama kulea wadogo zake, akifanya kazi ofisi ya kodi na kwenye mashine za kuchapa. Na umri huohuo akaanza kuandika shajara, akaendelea nayo karibu maisha yake yote, vitani, ikulu, uzeeni. Mi nina madaftari manne yote yameishia tarehe 10 Januari, kwa hiyo hapo tayari nishamheshimu.

1913 akaingia vitani, akiwa na miaka 25 ni jenerali. Sio kwamba alikuwa fundi wa vita sana, mwaka 1923 alijeruhiwa vibaya na kutekwa, na angekufa pale kama adui aliyemteka, Jenerali Buelna, asingekuwa muungwana akaagiza atibiwe. Nadhani hiyo kitu ilimkaa moyoni. Maana angalia vigogo wenzake wa mapinduzi: Madero kauawa 1913, Zapata 1919, Carranza 1920, Villa 1923, Obregón 1928 yuko mezani anakula chakula. Mapinduzi yale yalikuwa yanakula wazee wake mmoja mmoja.

Aliyebaki na nguvu ni Calles, jenerali mwingine na rais mstaafu, akawa anaweka marais na kuwatoa kama mtu anavyobadilisha shuka. 1934 akamweka Cárdenas, akidhani huyu ni kijana wake, atamsikiliza. Hee! Cárdenas kwanza akakataa kuishi kwenye lile kasri la Chapultepec kilimani, kasri likaja kuwa makumbusho. Halafu akaagiza kila siku kwa saa moja watu watume telegramu bure kwa rais, malalamiko yoyote. Hebu fikiria mtu wa kijijini huko, ng'ombe wake kaibiwa, mwenye shamba kamzibia maji, anaenda posta anamwambia rais moja kwa moja bila kutoa hata senti. Na Aprili 1936, Calles alipozidi kuchokonoa, usiku wanajeshi wakaenda kumchukua nyumbani, kesho yake akapandishwa ndege kwenda Marekani. Basi. Hakuna risasi, hakuna msiba. Kwa nchi ile na miaka ile, hiyo ndo ilikuwa habari kubwa.

Ardhi sitaielezea sana ingawa ndo kazi yake kubwa, aligawa kama hekta milioni 18, mashamba ya mabwanyenye yakakatwa wakapewa vijiji. Wenyeji wa Michoacán, Wapurépecha, walimwita Tata, yaani baba. Mi Mhaya, kwetu tata ni baba vilevile, nikajikuta natabasamu peke yangu na laptopu.

Ila mafuta ndo yamenikosesha usingizi, zaidi ya kahawa. Alipokuwa kamanda huko kwenye visima, miaka ya 1920, kampuni za mafuta zilimpelekea gari jipya la kifahari, Packard, kama zawadi, akairudisha. Akawaona wanavyoishi, wazungu na nyumba zao za feni, wafanyakazi kwenye matope. 1937 wafanyakazi wakagoma, kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Juu, wakashinda, kampuni zikasema hazilipi. Machi 18, 1938, usiku, akaongea redioni: tunataifisha. Na mwezi uliofuata kina mama wakapanga mstari kwenye jumba la Bellas Artes kuchangia fidia, wengine wana pete za ndoa, wengine wamebeba kuku. Kuku jamani! Kuku halipi deni la visima vya mafuta na kila mtu pale alijua, lakini kaja naye, na kuku kapokelewa.

Sasa. Waingereza na Wamarekani wakagoma kununua. Mafuta yanajaa, hela hakuna. Akamuuzia nani? Ujerumani ya Hitler. Na Italia ya Mussolini. Italia ileile! Nchi iliyosimama Geneva kwenye Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia UN, kuitetea Ethiopia, ikawa kati ya nchi za kuhesabu kwa vidole zilizokataa kuitambua Ethiopia kuwa ya Italia, miaka miwili mbele inamjazia mvamizi tenki. Nimeisoma mara tatu nikidhani nimekosea. Sikukosea. Na ni mtu huyohuyo aliyepokea watoto mia nne na kitu wa vita ya Hispania pale Morelia, na wakimbizi wengine maelfu nyuma yao. Simtetei, ila nikijiuliza ningefanya nini na wafanyakazi wanasubiri mshahara, sina jibu la kujivunia.

1940 muda ukaisha, akaondoka, ana miaka 45. Kikoba chetu mwenyekiti tunamuomba aachie daftari tangu mwaka jana, kila kikao ana kikohozi. Huyu kaachia nchi nzima. Tena baadaye kaenda kusimamia miradi ya mito na mabwawa huko kwao, kazi ya vumbi. Lakini uchaguzi wa kumrithi ulikuwa na vurugu na lawama za wizi wa kura, na chama alichokipanga upya, wafanyakazi humo, wakulima humo, jeshi humo, kikabadili jina na kukaa madarakani mpaka mwaka 2000. Mwaka 1988 mwanae wa kumzaa, Cuauhtémoc, akagombea dhidi ya chama hicho, anaongoza usiku ule wa kuhesabu, ghafla wakatangaza kompyuta za kura zimezima. Zilipowaka kashindwa. Yaani mashine aliyoiunda baba ndo ilimmeza mtoto, na mzee hakuwepo kuona, alishafariki Oktoba 19, 1970.

Calles naye alifariki Oktoba 19, ila 1945. Na wote wawili wamelazwa kwenye Mnara wa Mapinduzi pale mji mkuu, pamoja na Madero, Villa na Carranza, ambao hao wawili wa mwisho walikuwa wanawindana kwa bunduki. Sijui humo ndani usiku wanasalimianaje.

Jogoo wa jirani kashaanza na alfajiri bado kabisa. Huyu ningekuwa na uwezo ningemtanguliza kwenye ule mstari wa Bellas Artes, bila risiti.