Akamtenga na Mkutano, Akamgusa Ulimi

Somo: Marko 7:31–37

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili tuzungumze habari ya jino. Wengine mmeshacheka, najua. Kwenye maombi yetu ya jumuiya tunaombea presha, sukari, migongo, watoto wa shule, biashara na safari za Dar. Jino halitajwi. Mtu amekaa kwenye benchi kashika shavu, tumeimba mapambio yote yeye anatingisha kichwa tu, na akiulizwa, "Mama, vipi?" anajibu ni baridi. Baridi ya Moshi mwezi wa saba ipo, hatukatai. Lakini baridi haimfanyi mtu atafunie upande mmoja tangu Pasaka.

Tuseme ukweli: wengi wetu tunamwogopa daktari wa meno kuliko daktari mwingine yeyote. Mwanamke aliyejifungua mara tano, anayeshuka na mkungu kichwani kutoka Old Moshi hadi soko la Kiboriloni, akiiona ile taa na kile kiti cha kulaza mtu chali, magoti yanaisha nguvu. Na kwa kuwa sisi ni watu wa kanisani, hofu hiyo inapata mwenzake wa kuiongezea uzito. "Mlokole mzima unaogopa sindano?" Basi mtu ananyamaza, anarudi na maumivu yake nyumbani.

Wanaopimana imani kwa sindano wasome 1 Samweli 21. Daudi, yule yule wa Goliathi, alimwogopa sana Akishi mfalme wa Gathi hata akajifanya mwendawazimu, akikwaruza milango, mate yakimshukia ndevuni. Zaburi ya 56, ambayo kichwa chake kinataja Gathi, ndiyo yenye mstari huu: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Hofu na tumaini vimekaa siku moja, ndani ya mtu mmoja. Kwa hiyo hapa hatuulizani nani anaogopa na nani haogopi.

Tunachopaswa kuulizana ni kile tunachofanya na hiyo hofu, maana jino halisubiri. Tunaanza na karafuu. Kisha kitunguu saumu. Kisha mtu anapasua kapsuli ya rangi mbili na kumwaga unga wake kwenye tundu. Wapo hata wanaotia maji ya betri, ambayo ni asidi, na yanaunguza ufizi na ulimi. Dawa ya maumivu tunanunua duka la dawa, nusu dozi, mpaka uvimbe ushuke, na ukishuka tunatoa ushuhuda kwamba tumepona. Karafuu yenyewe siisemi vibaya, kweli inatuliza. Lakini tundu halijazibwa, na wadudu wanaendelea kushuka kwenye mzizi.

Halafu kuna jambo ambalo natamani kila mmoja wetu alijue, kwa sababu ndilo linalozaa zile hadithi za kutisha. Mmesikia watu wakisema, "Mimi ganzi haikunishika, aling'oa nasikia kila kitu." Mara nyingi hawasemi uongo. Penye usaha, nyama ya ufizi inakuwa na asidi, na asidi hiyo inaidhoofisha dawa ya ganzi. Aliyekwenda mapema, jino likiwa na tundu dogo, ganzi ilimshika vizuri, akatoka, akaendelea na shughuli zake, hana la kusimulia. Aliyeogopa akasubiri mpaka shavu likavimba ndiye aliyeumia, na ndiye anayesimulia kwenye daladala. Anayemsikia naye anaogopa, naye anasubiri. Hofu inajitafutia mashahidi wake yenyewe.

Sasa tuje kwa Marko. Yesu yuko pande za Dekapoli, "Wakamletea kiziwi, naye ni mwenye utasi, wakamsihi amwekee mikono." Mwenye utasi ni mtu ambaye ulimi wake hautamki vizuri. Kisha: "Akamtenga na mkutano faraghani, akatia vidole vyake masikioni mwake, akatema mate, akamgusa ulimi." Tumesoma habari hii mara nyingi tukakimbilia muujiza. Safari hii tusimame kwenye vidole. Bwana wetu ameweka mkono kinywani mwa mtu. Angeweza kusema neno tu, kama alivyofanya kwa mtumishi wa yule akida. Hapa alichagua kushika mahali penyewe palipo na shida, pamoja na mate yake na yote.

Mwazeni na mgonjwa. Ni kiziwi, hasikii kinachosemwa juu yake. Anaona watu wanamvuta, midomo inacheza, mtu asiyemjua anamsogelea. Hakuna wa kumweleza. Nadhani aliogopa, ingawa Marko hakuandika. Yesu anamtoa kwenye macho ya watu, kisha anamwonyesha kwa mkono nini kitafanyika: sikio hili, ulimi huu. Madaktari wa meno ya watoto wanafundishwa utaratibu unaofanana kabisa na huo: mweleze, mwonyeshe, ndipo ufanye. Kiziwi huyu asingeweza kuelezwa, basi akaonyeshwa. Na Yesu hakumkaripia. Alitazama juu mbinguni, akaugua.

Mwaka huu nilimsindikiza mama mmoja wa jumuiya yetu. Ameniruhusu nisimulie, jina nimeliacha. Njiani alikuwa sawa, anapiga stori. Tulipofika kwenye korido akasimama, pua juu: "Unaisikia hiyo harufu?" Nikamwambia ni karafuu. Hakuamini mpaka muuguzi alipomthibitishia kwamba dawa ya kuziba jino kwa muda inachanganywa na mafuta ya karafuu. "Ya kwenye pilau?" Ya kwenye pilau. Akakaa, lakini pochi aliikumbatia vile vile.

Daktari alikuwa kijana. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimekuja kukusalimia tu."

"Karibu. Basi na mimi nisalimie meno kwa macho tu kwanza." Akachukua kile kioo kidogo chenye mpini, akamgusisha nacho kiganjani ili akione kwamba hakina ncha. "Ukitaka niache, inua mkono wa kushoto. Nitaacha, hata kama sijamaliza."

Mama akainua mkono kabla hajaguswa. Kijana akarudi nyuma, akangoja. Akamwachia, akasogea tena, mkono ukapanda tena, akaacha tena. Nilidhani atachoka. Hakuchoka, na nikaona uso wa mama unabadilika, kama mtu anayehakikisha kwamba breki ya gari inafanya kazi. Alipokwisha kuhakikisha, alifungua kinywa mwenyewe. Alipakwa dawa ya ganzi kwenye ufizi kwanza, ndipo sindano. Dakika moja baadaye akashika kifua: moyo unakimbia. Daktari akamweleza kwamba sindano nyingi za ganzi zina adrenalini kidogo, ili damu isitoke sana na ganzi ikae muda mrefu, na adrenalini ndiyo hiyo hiyo mwili unayoimwaga tukiogopa. Inapita ndani ya dakika chache. Ikapita. (Mwenye presha au ugonjwa wa moyo aseme mapema, kabla ya sindano. Vile vile mjamzito, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.)

Jino lilitoka. Alilia kidogo, sitaficha. Lakini nje, akiwa na pamba mdomoni na nusu ya uso imekufa ganzi, alichosema hakikuhusu sindano hata kidogo. Alisema, "Niliogopa ataniambia mchafu."

Wapendwa, hapo ndipo penyewe. Mama huyu amekulia upande wa Meru, na meno yake yana rangi ya kahawia tangu utotoni. Akicheka anaweka mkono mdomoni. Tuko wengi hivyo kwenye ukanda huu kati ya Meru na Kilimanjaro. Ardhi yetu ni ya volkano, na maji yanayopita kwenye miamba hiyo yanabeba floridi, madini ambayo yakizidi yanabadilisha rangi ya meno. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja, na vyanzo vingi vya upande wa Meru vinapita kiwango hicho mbali. Magadi tunayotia kwenye makande nayo yanaongeza. Madhara hayo yanaingia jino likiwa bado linajengeka ndani ya taya la mtoto, kwa hiyo aliyehamia huku mtu mzima habadiliki rangi, na aliyezaliwa huku hawezi kuisugua ikatoka kwa mkaa wala kwa dawa ya mswaki ya bei yoyote. Huo si uchafu. Mtu amekunywa maji ya kwao. Daktari wa meno wa Arusha au Moshi anaona meno ya namna hiyo kila siku, na wala hashtuki. Sisi ndio tunaoshtuka, sisi ndio tunaotaniana "meno ya Arusha" kwenye sherehe, halafu tunashangaa mtu hataki kufungua kinywa mbele ya mgeni mwenye taa.

Ndiyo maana nampenda Yesu wa mstari wa 33. Angeweza kumponya yule mtu katikati ya mkutano, watu wakaona vizuri, wakashangilia. Alimtenga kwanza. Aibu ya mtu aliipa nafasi yake.

Wazazi, na hili ni la kwenu. Acheni kuwatisha watoto kwa madaktari. "Nyamaza, ama nitakupeleka ukachomwe sindano!" Mtoto anakua anajua kwamba sindano ni adhabu ya kulia, na siku jino likiuma kweli analificha, kwa sababu ulimfundisha. Na zile habari za "meno ya plastiki", yanayodaiwa kumletea mtoto maradhi, zilizosambaa nchini miaka ya 1980, ambapo mtoto mchanga mwenye homa au kuhara anachokonolewa ufizi na mtu wa mtaani, bado zipo sehemu fulani. Kinachong'olewa pale ni chipukizi la jino halisi, kwa kifaa kichafu. Mtoto mwenye homa apelekwe kliniki. Wale wanaosema ukingʼoa jino la juu unapofuka, sina la kuwajibu zaidi ya kuwaomba wawahesabu wazee wetu waliong'oa meno ya juu na bado wanasoma Biblia bila miwani.

Na tushukuru kwa ganzi yenyewe. Tunaomba tukiwa tunaumwa, na kushukuru tunasahau. Mpaka miaka ya 1840 jino liling'olewa kavu. Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford huko Marekani, alikubali mwezi Desemba 1844 ang'olewe jino lake mwenyewe akiwa amevuta gesi, ili ajue kama inafanya kazi. Miaka miwili baadaye daktari wa meno mwingine, William Morton, akaonyesha etha, dawa ya kuvuta inayomlaza mgonjwa, hospitalini Boston, na tangu hapo upasuaji wa kila aina ukabadilika. Mama aliyefanyiwa upasuaji wa kujifungua KCMC au Mawenzi ananufaika na jambo lililoanzia kwa watu wa meno. Dawa ya ganzi tunayochomwa leo mara nyingi ni lignokaini, iliyotengenezwa Uswidi mwaka 1943. Bibi zetu waliishi bila hiyo, wakashikwa kichwa na watu wawili. Sisi tunayo, na tunaikimbia.

Tuombe:

Bwana Yesu, wewe uliyemgusa ulimi mtu wa Dekapoli, unamjua kila mmoja wetu anayelala usiku kashika shavu. Unajua tunachokiogopa na tunachokionea aibu. Wape madaktari wetu subira ya kungoja mkono ushuke. Utupe sisi midomo isiyowacheka wenzetu. Siku ya hofu yetu tutakutumaini wewe. Amina.

Sasa la vitendo, kwa sababu mstari wa 32 unaanza na "Wakamletea". Kinamama wawili na baba mmoja wa jumuiya wamejitolea kusindikiza yeyote atakayetaka kwenda. Mwambie mzee wa kanisa baada ya ibada, au nitumie ujumbe mimi, huna haja ya kusema mbele za watu. Tutaondoka Jumanne asubuhi. Mwenye miadi ya asubuhi hana muda mrefu wa kukaa na kuwaza. Kama hujaambiwa vingine, kunywa chai kabisa kabla ya kutoka, usiende na njaa. Beba kadi ya bima kama unayo, na karatasi ya dawa unazotumia. Ukishang'oa, mtori wa moto usubiri mpaka ganzi iishe, usije ukaungua bila kujua, na usisukutue siku hiyo.

Ila mwenye uvimbe ulioshuka chini ya taya, au kinywa hakifunguki, au anapata shida kumeza au kupumua, huyo asingoje Jumanne. Aende hospitali leo hii, hata kama ni usiku. Namba yangu mnayo, gari tutatafuta.